Nlianza kazi kwa kuwaambia watu watulie

Kuna picha moja ya bibi yangu nimeipiga mwenyewe, Wete, Pemba, msimu wa karafuu, usiku. Kakaa kwenye jamvi miguu kainyoosha, mbele yake lundo la karafuu mbichi bado zina makonyo yake (vile vijiti vyake), kandili pembeni, na mdomo wake uko nusu wazi. Ni picha nzuri, nasema bila kujisifu (haya, najisifu kidogo), upande mmoja wa uso una mwanga wa kandili na upande wa pili umezama gizani, na vidole unaviona kabisa vinavyochambua. Nlipoiweka mtandaoni watu waliipenda sana. Lakini mie kila nikiitizama nakwama hapo kwenye mdomo. Alikuwa anasema nini? Maana nakumbuka alisema kitu na jamvi zima likacheka, ila mie nlikuwa nimefumba jicho moja nahangaika na fokasi, na mie nikipiga picha huwa sisikii. Bibi kafariki mwaka uliofuata.

Watu wakiniuliza kwa nini nliacha picha za mnato nkaingia kuongoza filamu huwa natoa jibu la kistaarabu, oh nlitaka kukua kisanaa, oh dunia inakwenda kwenye video. Jibu la kweli ni ule mdomo.

Mie mtoto wa Ng'ambo ya mji wa Unguja, Mwembetanga, lakini mama ni mtu wa Wete kwa hiyo likizo zote za skuli nlikuwa Pemba. Nlipomaliza kidato cha nne matokeo yalikuwa ya kuficha, mjomba akanitafutia kazi kwenye studio moja maeneo ya Darajani, chumba kimoja, stuli moja, pazia la buluu na jengine jeupe, kioo chenye ufa, na kitana kimefungwa kwa uzi ukutani kisiibiwe. Kazi yangu ya mwanzo ilikuwa kuwaweka sawa watu wa pasipoti saizi. Inua kidevu. Shungi lirudishe nyuma kidogo, bi mkubwa, samahani. Usicheke. Tulia hapo hapo. Hiyo ya mwisho nadhani nimeisema mara nyingi kuliko jina langu.

Sasa kama ulikuwepo Unguja mwisho wa 2009 unajua nnakokwenda. Tarehe 10 Disemba umeme unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ukakatika, kisiwa kizima, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Watu wanabeba ndoo za maji, mafriji yamegeuka makabati ya nguo, mjini jenereta zinanguruma mlango kwa mlango huwezi kusikilizana. Studio yetu ilikuwa na kijenereta kidogo lakini petroli ilikuwa inakula faida yote, tajiri akasema basi, kijenereta kitawashwa kwa muda wa saa moja tu, jioni, kwa ajili ya kuprinti, mchana tutapiga na jua. Tukaitoa stuli mpaka mlangoni. Yeye ndie alienionesha kwamba mtu ukimkalisha ubavu kwa mlango upande mmoja wa uso unapata mwanga na wa pili unakufa, na ukitundika shuka jeupe upande ule uliokufa uso unafufuka. Tatizo hatukuwa na pa kulitundika, kwa hiyo tundiko lilikuwa mie, mikono juu, shuka limenyooka, mabega yanawaka moto, mteja anafunga vifungo taratiibu kama hana haraka na maisha.

Miezi mitatu ile ndo chuo changu, wallahi sina chengine. Miaka mingi baadae nkasoma khabari za Stanley Kubrick, yule mwongozaji filamu wa Kimarekani, kwamba katika filamu yake moja ya 1975 alitaka sini za usiku zipigwe kwa mwanga wa mishumaa mitupu, akatafuta lenzi za Zeiss zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA, zenye tundu la kuingiza mwanga la f/0.7, kubwa kiasi cha kwamba kamera ilibidi ichongwe ndo zikae. Nlicheka peke yangu kwenye daladala. Yeye lenzi ya NASA, sisi shuka la tajiri. Lakini nlimuelewa moja kwa moja, kwa sababu na yeye alianza kwenye picha za mnato: ana miaka 16, mwaka 1945, aliuzia jarida la Look picha ya muuza magazeti aliejiinamia siku Rais Roosevelt kafariki, wakaja kumuajiri, na filamu yake ya kwanza, fupi, ya 1951, ilimhusu bondia ambae alishawahi kumpiga picha kwa ajili ya jarida hilo hilo.

Baada ya studio nkaenda kwenye harusi. Kwa wasiojua mambo ya kwetu: harusi ya Zanzibar ina upande wa wanawake ambao mwanamme haingii, hata awe na kamera ya milioni kumi. Mlangoni kuna bi mkubwa kakaa na kapu anakusanya simu, ndani watu wamevua mabaibui, nywele, hina, piko, dhahabu, na wa kupiga picha lazima awe mwanamke na awe mwanamke anaeaminika, kwamba picha hizi hazitatoka nje ya albamu. Hapo ndo riziki yangu ilipokuwa. Nlicheza mchezo wa kuchangiana pesa na wenzangu kumi, zamu yangu ilipofika nkanunua kamera ya Canon ya mtumba, flashi haiwaki vizuri, nkaanza. Harusi mbili tatu kwa wiki ikifika baada ya mfungo. Jioni maharusi nawapeleka Forodhani, jumba la Beit el Ajaib kwa nyuma (kabla upande wake haujaporomoka ile Disemba 2020, sasa nikifungua mafaili ya zamani naona kila bwana harusi kasimama mbele ya kitu ambacho kimeanguka upande), halafu usiku ukumbini. Na kote huko maneno ni yale yale. Bibi harusi, usitikisike. Somo (yule mwanamke anaemfunda bibi harusi), sogea kidogo. Tulieni hapo hapo.

Na kazi hii si ngeni kwetu hata chembe. Mji huu una studio tangu karne ya 19, Wagoa (watu wa Goa, India) kina Gomes walikuwa wanapiga picha hapa za masultani na za watu wa kawaida, na pale Kenyatta Road kuna Capital Art Studio iliyofunguliwa 1930 na Ranchhod Oza. Ukutani kumejaa picha nyeusi na nyeupe, watu wamesimama wima wamevaa nguo zao nzuri, wanakutizama. Nlikuwa napita pale mara kwa mara. Wote wametulia. Kuna mtu aliwaambia watulie.

Sasa ngoja nije kwenye jambo lenyewe. Kila ukisoma makala za mpiga picha aliegeuka mwongozaji utaambiwa ana "jicho". Jicho, jicho, jicho. Mie nnavyoona jicho ndo lililoniharibia filamu yangu ya kwanza, na kilichoniokoa baadae nlikipata kwa yule bi mkubwa wa kapu la simu: watu wakuamini kwanza.

Filamu yenyewe ilikuwa fupi, dakika kumi na mbili, bibi harusi na somo wake usiku wa kuamkia harusi, tumeshuti kwenye nyumba ya jamaa Malindi, hapa hapa mjini Unguja, siku mbili. Wasichana walioekti ni marafiki zangu. Nlijiamini vibaya sana, miaka kumi nashika kamera, nani wa kuniambia kitu. Tuanze na shata, yaani kasi ya kamera kufunguka na kufunga: kwenye harusi nlizoea kupiga 1/500 ya sekunde ili mtu akirusha mkono mkono ugande, basi nkaiacha hapo hapo, nkashuti siku nzima. Nlipokwenda kutizama kwenye laptopu watu wanatembea kama wana kwikwi. Kumbe kwenye video ukipiga fremu 25 kwa sekunde shata inatakiwa iwe kama mara mbili yake, 1/50, ule ukungu kidogo wa mkono unaopita ndo unaolifanya jicho likubali kwamba ni mwendo. Kitu nlichokuwa nakifuta miaka kumi, ule ukungu, ndo chenyewe. Halafu ukishusha shata namna hiyo kwenye jua letu picha yote inakuwa nyeupe, lazima uivalishe lenzi kioo cheusi, na mie sikuwa nacho wala sikujua kama kipo.

La pili naona aibu kulisema. Somo alipoinuka kwenda kumfunga bibi harusi kidani nliona urefu ule ni mzuri, nkaigeuza kamera ikasimama wima kama ninavyofanya kwenye picha. Katikati ya sini. Watu wawili wanaongea, ghafla dunia imelala ubavu.

Na sauti! Mpiga picha mnato hana habari na sauti, kunguru walie, bodaboda ipite, jirani atwange, picha haijui. Malindi ina kunguru kuliko binadamu. Nusu ya mazungumzo ya filamu yangu ni kunguru.

Lakini yote hayo ni ya kujifunza, mtu unarekebisha. Baya kuliko yote lilikuwa watu wenyewe. Wale wasichana kabla sijasema tuanze wanacheka, wanavutana kanga, wanasemana, raha tupu. Nikisema tu tayari, wanaganda. Na mie bila kujua nlikuwa nawaongoza kwa maneno ya studio: kidevu juu, geuka kidogo, mkono hapo, haya sasa ongea lakini usitikisike. Usitikisike! Namwambia mtu aekti na asitikisike. Kila fremu ukiisimamisha ni picha ya kutundika ukutani, ukiiachia iende imekufa. Nliituma kwenye tamasha moja haikuchaguliwa, na walikuwa na haki.

Nliweka kamera ya video chini nkarudi harusini kama mwaka hivi. Kipindi hicho ndo nkakutana na khabari za Gordon Parks, mpiga picha mweusi wa Marekani aliegeuka mwongozaji, nazisoma kwenye simu, usiku, nimelala. Huyu bwana kazaliwa 1912 Fort Scott, Kansas, mtoto wa mwisho kati ya kumi na tano, mama yake kafariki yeye kijana mdogo, akapelekwa kwa dada yake mji mwengine na shemeji akamfukuza nyumba, usiku analala kwenye matramu. Kafanya kila kazi, kapiga piano, kahudumia chakula kwenye treni, na ni kwenye treni alikookota jarida lililoachwa na abiria lenye picha za wakulima walioharibikiwa, akaona na yeye aweza. Kamera yake ya kwanza kainunua kwenye duka la rehani Seattle kwa dola 7.50. Mwaka 1942 akafika Washington kufanya kazi kwenye ofisi ya serikali iliyokuwa inapiga picha za hali za watu, akakuta mji wenyewe hauwahudumii weusi dukani wala mkahawani wala sinema. Bosi wake akamwambia kazungumze na yule mama anaesafisha ofisi. Jina lake Ella Watson. Parks akamsimamisha mbele ya bendera ya Marekani, fagio mkononi, deki nyuma yake. Hiyo picha ndo maarufu, ukitafuta jina lake inakuja ya kwanza.

Lakini kinachonivutia mie sio hiyo picha, hiyo ni "mama, tulia hapo hapo", hata mie ningeipiga (sawa, labda nisingeipiga). Kinachonivutia ni kwamba hakuondoka. Kwa wiki kadhaa baada ya hapo aliendelea kumfata yule mama, nyumbani kwake, na wajukuu zake, kanisani. Miaka sita baadae jarida la Life likamchukua, mpiga picha mweusi wa kwanza kuajiriwa pale, na kazi iliyomuingiza ilikuwa hivo hivo, alikaa na kijana mmoja kiongozi wa genge Harlem mpaka akazoeleka kama mtu wa nyumba. Huko ndo alikojifunzia uongozaji, nnavyoona mie, miaka zaidi ya ishirini kabla hajaongoza filamu kubwa. Na alipoongoza, 1969, ana miaka 56, mtu mweusi wa kwanza kuongoza filamu ya studio kubwa ya Hollywood, hadithi ya utoto wake mwenyewe, The Learning Tree, kaandika yeye, muziki kautunga yeye, akarudi kuishuti kule kule Fort Scott... kamera kampa mtu mwengine. Burnett Guffey ndo alieshika. Nlipolisoma hilo nkakaa kitako kitandani. Bingwa wa kamera, miaka yote ile, siku ya siku kaiweka chini, kaenda kusimama na watu.

Kuna na Agnès Varda, Ufaransa, huyu nampenda kwa sababu nyengine. Alikuwa mpiga picha wa jumba la maigizo, sinema zenyewe alikuwa kaziona chache mno, hajasomea, akachukua kamera akenda Sète, mji wa bahari aliokulia wakati wa vita, mtaa wa wavuvi, akatoa filamu 1955 ambayo wavuvi wenyewe wamo na mambo yao ya nyavu na mashindano yao ya mashua. Pesa hana, wakafanya kwa ushirika, kama mchezo wetu tu. Nkajiuliza mie nakaa Malindi nagombana na kunguru kwa nini, na nina jamvi zima la watu Pemba.

Kwa hiyo msimu wa karafuu uliofuata nkapanda meli. Nkaenda kwa sheha kwanza na barua yangu ya kibali, nkakaa kwa mama mdogo Wete, na wiki ya kwanza sikuitoa kamera kwenye begi. Nlichambua karafuu. Wachumaji wanarudi na magunia, zinapimwa kwa pishi, jioni baada ya sala watu wanakusanyika jamvini kutenganisha karafuu na makonyo yake, mpaka usiku mkubwa, asubuhi zinaanikwa. Vidole vinageuka rangi na harufu haitoki hata ukila. Na jamvini panasemwa kila kitu, ndoa za watu, bei ya mwaka huu, nani kaonekana na nani meli ya juzi. Mama mdogo siku ya tatu akaniuliza, mwanangu, weye si umekuja kupiga sinema? Nkamwambia bado, mama. Akasema basi kaa, mikono yako mizuri.

Kamera nliikabidhi kwa msichana mmoja niliekuwa namfundisha kazi za harusi, kijana, mkono hautetemeki, shata 1/50, taa moja ya betri tumeivalisha shuka. Shuka tena. Sharti nlilompa ni moja, asimwambie mtu yeyote atulie. Na mie nkakaa jamvini na maiki imefichwa chini ya kanga (walijua ipo, waliivalisha kanga wenyewe). Usiku wa mwanzo wakawa wanaisalimia kamera, wa pili wanaitizama kwa jicho la pembeni, wa tatu mama mmoja akamwambia yule msichana sogea unatuzibia upepo. Hapo nkajua tumeanza.

Usiku wa tano nkatoa ile picha ya bibi, nkaipitisha jamvini mkono kwa mkono, nkauliza, hapa bibi alikuwa anasema nini? Ilikuwa swali tu. Mama mdogo akasema bila kufikiri, alikuwa anamsema mchumaji mmoja aliekwama mtini akaogopa kushuka. Shangazi akaruka, wapi, huyo wa mtini mwaka mwengine, hapa alikuwa anamsema huyu huyu mtoto, kwamba kutwa kafumba jicho moja, ataolewa na nani. Kicheko. Jirani yao, bi mkubwa wa miaka themanini na kitu, akasema nyote waongo, mie nlikuwa nimekaa mkono wake wa kulia, nimo kwenye picha, tizama bega langu lile, marehemu alikuwa anaimba. Anaimba nini? Akaanza kuiimba. Shangazi akamkatiza kwamba maneno anayakosea, mama mdogo akayasahihisha, shangazi akayakataa, karafuu zimesahauliwa, mmoja kainuka na kanga inamdondoka, mtoto kaamka analia, na mie maneno yamenijia mpaka kwenye meno, yale yale ya Darajani, mama kaa vizuri, kanga yako. Nkauma ulimi.

Sini hiyo ina dakika tisa. Mwenzangu anaeediti anasema hakuna mtu atakaevumilia wanawake watatu wagombane dakika tisa kwenye giza, nusu yake bega la mtu limeziba kandili, anataka zibaki mbili. Mie nimekataa. Jana kanipigia tena, kasema basi nne.